Ua la Ngana na Buti la Baba Mkwe

Mimi nimeolewa Kyela, sikuzaliwa Kyela. Nalisema mapema kwa sababu kwa miaka tisa, kila nilipoharibu jambo, mama mkwe alikuwa na jibu moja tu la kunitetea: mwacheni, huyo ni wa Morogoro. Nikiunguza wali, wa Morogoro. Nikicheka kwa sauti msibani, wa Morogoro. Nimefika mahali naamini watu wa Ngana, kijiji cha wakwe zangu, wanadhani Morogoro ni ugonjwa.

Nilikuja kufundisha baiolojia, nikampata mwalimu wa hesabu mwenye meno mazuri, na kabla sijazoea joto nikawa mke wa mtu mtaa wa Bondeni, mjini Kyela. Hakuna aliyenieleza kwamba pamoja na mume nachukua na mwiko. Kwa mila ya kwao, mke wa mtoto hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hali naye, hatamki jina lake. Wakikaribiana njiani, mwanamke anaingia kichakani, mzee anageukia upande wa pili, na kila mmoja anasubiri mwenzake apotee. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Nina jirani anakaa kochi moja na baba mkwe wake wanaangalia mpira na kugombania rimoti. Wangu hakulegeza hata uzi. Ni mzee wa kanisa, anaongoza sala, lakini kwenye hili hakuna mchungaji aliyemweza.

Basi mimi baba mkwe nilimjua kwa vipande. Nilijua kikohozi chake, ambacho anakitanguliza kila aendako ili wakwe wajifiche. Nilijua mgongo wake na buti zake za mpira. Sura niliijua kwa picha ya harusi iliyoko sebuleni kwetu, maana mama mkwe alishaamua kwamba picha haina mwiko.

Tukihitaji kuzungumza, mzee anakaa nje ya jiko la mama mkwe, mimi ndani, katikati yetu ukuta wa matete uliokandikwa udongo zamani na sasa umechoka. Mama mkwe anakaa mlangoni. Mzee anasema, mwulize kama mvua imenyesha Kyela. Mama mkwe ananigeukia, anauliza kama mvua imenyesha Kyela. Mimi nimeshasikia, hata alivyomeza mate nimesikia, lakini nangoja kuulizwa. Najibu imenyesha. Mama mkwe anageuka, imenyesha. Habari ya dakika mbili inakula nusu saa. Na mama mkwe akiwa hayupo, mzee anazungumza na mbuzi. Namsikia hapo nje anamwarifu mbuzi kwamba kuna ndizi mbivu darini, mwenye njaa asione haya.

Mimi alikuwa ananiita mtu wa majani. Mwambie mtu wa majani chai imeiva. Jina hilo nililipata nilipoanza shahada ya pili, na sikuweza kulikataa, maana lilikuwa kweli. Utafiti wangu ulihusu mimea ya asili ya porini katika bonde la Kyela. Kila Jumamosi nilipanda bodaboda na mbao zangu mbili zenye mikanda, katikati magazeti, nikaenda kuchuma. Mmea unaulaza ndani ya gazeti, unaubana, unaukausha. Kwa unyevu wa Kyela inabidi ubadilishe magazeti kila siku, la sivyo unavuna ukungu. Mume wangu alikuwa akifungua ukurasa wa michezo anakuta jani limelala juu ya matokeo, anapumua kwa nguvu, anakunja gazeti. Mwalimu wa hesabu anaogopa vitu viwili duniani: baba yake na mimi, kwa mpangilio huo.

Mimea mingi niliipata. Mmoja ulinishinda, na huo mmoja ndio ulioshika roho yangu.

Ni wa jamii ya tangawizi, majani yake yanapita kimo cha mtu, unakaa kwenye kivuli kando ya vijito. Tunda lake ni jekundu, ndani kuna mbegu ndogo zenye utelezi mchachu ambazo watoto wanafyonza wakitoka shule. Mama mkwe anasema zamani ulikuwa kila kijito. Kisha kakao ikapandwa, mpunga ukapanda juu, kingo zikafyekwa, na pakabaki mahali pamoja tu pa uhakika: nyuma ya shamba la kakao la baba mkwe. Ua lake halikai juu ambapo mtu mwenye akili angelitafuta. Linachomoza ardhini, chini ya majani makavu, mbali kidogo na shina. Linafunguka alfajiri. Ikifika saa sita limelegea kama tambi zilizolala kwenye mchuzi.

Msimamizi wangu chuoni, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa kalamu, alinieleza wazi. Jani na tunda havitoshi. Katika jamii hii ndugu wanafanana mno, ua ndilo linalowatofautisha, na bila ua siwezi kusema huu ni mmea gani. Bila hilo sura nzima ya tasnifu yangu haisimami. Mwaka wa kwanza nilifika maua yameshaisha. Mwaka wa pili nilitoka Bondeni kwa bodaboda, tope likatukamata, nikafika saa tano na kubana kitu ambacho kilipofika chuoni msimamizi aliniandikia swali moja tu: hiki ni nini? Nikaomba kuongezewa muda, nikapewa. Nikaomba tena, nikapewa na onyo. Mwaka huu wa tatu sanduku langu lilitakiwa liwe chuoni kabla Machi haijaisha, ama jina langu linafutwa na miaka mitatu ya kulala na majani inakwenda na maji.

Njia ilikuwa moja, kulala Ngana ili alfajiri inikute kijitoni. Hapo ndipo tatizo. Alfajiri ndiyo saa ya baba mkwe. Kila siku Mungu aliyoiumba, saa kumi na mbili kasoro, anapita njia ya kijito kwenda kuangalia kakao zake.

Nilimwomba mume wangu aongee na baba yake. Akasema ataongea. Wiki ikapita. Nikamuuliza, akasema anatafuta pa kuanzia. Moto ukaniwaka, nikamwambia aanzie kwenye "shikamoo" kama watu wengine, nikafunga begi nikaenda mwenyewe.

Tulikaa kikao cha ukuta. Nilieleza habari ya ua, mama mkwe akapitisha. Alipofika kwenye tasnifu alisimama kidogo, akasema ni kitabu cha shule, asipokimaliza watamfukuza. Mzee akauliza ua hilo lina kazi gani, linatibu nini. Nikasema sijui kama linatibu, mimi nataka kulijua tu lilivyo. Nilijua jibu hilo ni baya. Mama mkwe naye alijua, kwa hiyo alilitengeneza: anasema linatibu, ila bado wanachunguza. Mzee akasema nje ya ukuta kwamba alisikia nilichosema mimi, na mtu anayetaka kujua kitu kilivyo si mbaya. Akasema kwa siku tatu yeye atapita njia ya juu. Mtu wa majani apewe njia ya kijito.

Nilifurahi mpaka nikasahau utaratibu, nikamshukuru kwa lugha ya kwao, "ndaga fijo, baba", kwa sauti ya kupita ukuta. Mama mkwe akanikata jicho. Nje buti zilikuwa zimeshaondoka.

Asubuhi ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili nikaona kichwa cha machipukizi, kimoja tu, kimetoka ardhini kando ya njia, chekundu kwa nje, na ncha ya ua imeanza kujisokota kutoka. Kesho, nikajiambia. Nilitafuta kichaka kizima, hakikuwa na kingine. Usiku ule usingizi ulinipa mgongo.

Asubuhi ya tatu nilikuwa pale kabla jua halijatoka. Na lilikuwa limefunguka. Sijui niseme nini, mimi si mtu wa kulia mbele ya mmea. Weupe wa ndani ulikuwa na mshipa wa njano katikati, na lilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, limelala pale kwenye majani yaliyooza bila kujali kwamba nimelitafuta miaka mitatu. Kwanza picha, kisha vipimo, kisha ndio unachimba. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Nilirudi hatua kumi kuchukua mbao na rula nilizotundika kwenye mgomba, nikainama, kiuno juu, kichwa kwenye begi, natafuta kalamu.

Nikasikia panga linafyeka majani. Kikohozi hakikutangulia.

Nilipoinua kichwa, mgongo wa baba mkwe ulikuwa pale njiani. Alikuwa ameniona kabla sijamwona, akageuka haraka, akasimama ameukumbatia mkakao, uso kwenye gome. Mti wenyewe ulikuwa mwembamba, unaficha pua tu. Mimi nikajitupia kanga kichwani, nikachuchumaa nyuma ya mgomba. Tukakaa hivyo. Yeye anasubiri nipotee, mimi nasubiri apotee, na ua liko katikati yetu linahesabu saa zake.

Kwa mbele yake kulikuwa na kijito. Njia ya kutoka ilikuwa ile aliyojia, na ilikuwa nyuma yake, upande wangu. Mtu wa kawaida angegeuka. Mtu wa kawaida angetazama anapokanyaga. Baba mkwe, kwa heshima aliyonayo kwangu, alianza kurudi kinyumenyume. Aliachia mkakao, akapeleka buti moja nyuma, akapapasa, akakanyaga. Akaleta la pili. Polepole, kwa adabu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akija moja kwa moja kwenye ua langu.

Ningesema. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Neno moja, "simama", lingetosha. Mimi ninayefokea madereva wa bajaji, mimi niliyemjibu mkaguzi wa elimu mbele ya darasa, nilifungua mdomo ndani ya kanga na sauti haikutoka. Miaka tisa ya kuambiwa mimi ni wa Morogoro, na asubuhi ile nikawa mtu wa Kyela kuliko wote. Nikamwangalia akifika. Nikaliona buti likitua.

Niliposikia linasagika, sauti ndiyo ikaja. Nililia kama mtoto aliyeporwa andazi.

Mzee akasimama palepale, mgongo kwangu. Akauuliza mkakao kuna nini. Mkakao haukumjibu, na mimi sikumjibu. Nikaokota mbao zangu, nikapita kwenye maji kwa upande wa chini, nikaondoka bila kuaga mtu.

Nyumbani nilimaliza hasira zote kwa mwalimu wa hesabu, ambaye kosa lake lilikuwa kuniuliza kama nimelipata. Nilimwambia mila yao imekanyaga shahada yangu. Nilimwambia baba yake ana heshima ya kuua. Nilisema mengine ambayo siyaandiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kwa nini sikupiga kelele. Nikamwambia anipishe nipike.

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Nikaanza kumwandikia msimamizi barua ya kujitoa. Niliianza barua ile mara nne, na kila mara niliandika kwamba ua lilikanyagwa, kisha nikafikiria atakavyouliza limekanyagwa na nani na kwa nini hukumzuia, nikafuta.

Siku ya sita mchana, bodaboda ikasimama mlangoni, juu yake mama mkwe amepakata chungu. Si chungu chochote. Ni kile kikubwa cha maharage, wanachofinyanga Wakisi, wafinyanzi wa kule ufukweni mwa ziwa, alichokinunua sokoni na kukibeba kichwani mwenyewe, ambacho sisi wakwe haturuhusiwi hata kukiosha. Kijana wa bodaboda alikuwa amechoka. Alisema mama amemwendesha kutoka Ngana kwa mwendo wa maiti, na kila shimo amemtukana.

Mama mkwe hakunisalimia. Alikitua chungu chini sebuleni, akasema, chukua uchafu wako. Ndani kulikuwa na udongo mweusi wenye maji, majani matatu marefu yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba, na kando, kwenye udongo, kichwa cha machipukizi kimetoka. Ncha ya ua ilikuwa imeanza kujisokota.

Mama mkwe akanieleza akiwa anavua viatu, kwa sauti ya mtu anayelalamikia chungu. Siku ile mzee hakuvunja ahadi kwa makusudi. Njia ya kijito ilikuwa imeota majani, na jana yake jioni aliona nyoka pale. Alitaka kuifyeka kabla mtu wa majani hajaamka. Hakukohoa kwa sababu alidhani hakuna mtu. Alipogeuka na kuona alichokanyaga, alikaa chini palepale kwenye tope. Kesho yake, kabla ya alfajiri, akavaa koti la mvua akapandisha na kijito mpaka juu kabisa ambako hakuna mashamba. Alikwenda hivyo siku nne. Alikuwa anapiga magoti na kufukua majani makavu kwa mikono, maana nilisema ukutani kwamba ua linatoka ardhini.

Siku ya tatu watu walimwona. Ngana haina siri. Wazee wenzake wa kanisa wakamfuata nyumbani, wakaketi, wakauliza kulikoni, mzee mzima kutambaa msituni asubuhi. Na yeye, ambaye kwa miaka tisa hajaruhusu hata kivuli changu kimguse, akawajibu mbele ya mama mkwe: "Namtafutia mkwe wangu ua."

"Walicheka," mama mkwe akasema. "Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mzee hakucheka."

Nilikwenda jikoni nikasimama huko kidogo. Niliona aibu, nalisema wazi. Nilikuwa nimemtukana mtu huyu siku sita mfululizo kwa mtoto wake. Niliporudi, mama mkwe akaniuliza swali lililokuwa linamkera muda wote. Kama sikuweza kusema na mzee, kwa nini nisingeziambia mbao zangu, naye akasikia? Yeye mzee si husema na mbuzi? Akatikisa kichwa, akasema, wa Morogoro.

Nililala sebuleni na chungu. Alfajiri ua likafunguka, mbele ya picha ya harusi. Nikapiga picha, nikapima, nikalibana kwenye mbao na jani na kipande cha mzizi, sehemu mbili kama inavyotakiwa, moja ya chuo na moja ya akiba. Safari hii magazeti niliyabadilisha kila baada ya saa mbili, na mwalimu wa hesabu akayashikilia juu ya jiko la mkaa yakauke bila kuulizwa.

Kisha ikaja lebo. Kila mmea uliokaushwa unakwenda na lebo, na lebo ina mistari yake: mmea, mahali, mazingira, tarehe. Mstari wa mwisho unasema mkusanyaji. Kwenye mimea yangu yote mia na kitu niliandika jina langu bila kufikiri. Safari hii kalamu ilisimama. Mkusanyaji ni yule aliyeutoa mmea ardhini, na sikuutoa mimi. Kuandika langu kungekuwa wizi, na wizi wa kitu kilichotafutwa kwa magoti. Lakini jina lake sikuwahi kulitamka wala kuliandika. Fomu za watoto za shule, palipoulizwa babu, alijaza baba yao. Mume wangu akanyoosha mkono kuchukua kalamu, anisaidie. Nikamwambia aache. Kama picha haina mwiko, nikajiambia, wino nao tuuone. Nikaandika majina yake yote matatu, polepole, kwa herufi kubwa.

Sanduku lilipanda basi la Mbeya na kufika chuoni kwa wakati. Msimamizi alipiga simu, akasema ua ni zuri na limebanwa vizuri, sura yangu inasimama, nimemaliza. Akauliza huyu mkusanyaji ni nani, ni mtafiti mwenzangu? Akaomba nimsomee jina, wino umepata unyevu. Nikampa simu mume wangu, akalisoma yeye.

Jumapili nilikwenda Ngana na ile sampuli ya akiba. Tukakaa kama siku zote, mimi jikoni, mama mkwe mlangoni, kikohozi kikatangulia, buti zikaja, kigoda kikalia nje ya ukuta. Nilimpa mama mkwe sampuli ile, akaizungusha kwa mzee. Nikasikia kifuko cha miwani kinafunguliwa.

Alisoma kwa sauti yake ya kanisani. Akasoma jina la mmea kwa lugha ya kisayansi, akalivunjavunja lakini akafika. Akasoma Ngana, kandokando ya kijito, kwenye kivuli, udongo wenye unyevu. Akasoma tarehe. Akasoma, mkusanyaji.

Kuku alipita mlangoni, mama mkwe hakumfukuza.

Kisha akalisoma jina lake mwenyewe, la kwanza, la kati, la mwisho. Nilikuwa sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Akauliza ni nani aliyeandika. Mama mkwe akamwambia ni mimi, kwa mkono wangu, mtoto wake alitaka kuandika nikamkatalia. Nikafumba macho nikasubiri kuambiwa nimevunja nini.

"Una mwandiko mzuri, mwanangu," sauti ikasema.

Mama mkwe akanigeukia, akafungua mdomo anipitishie, akakuta hakuna cha kupitisha.